Jinsi ya kusaka hitilafu za intarapti kwenye draiva ya kifaa

Moduli imepakiwa bila malalamiko, kifaa kinaonekana, lakini programu inayosubiri data inasubiri tu. Au data inakuja vizuri kwa muda, halafu kimya, na ukiiondoa moduli na kuirudisha mambo yanakaa sawa tena. Au mashine nzima inakuwa nzito kiasi kwamba hata kuandika herufi moja kwenye teminali ni kazi. Kwa sura matatizo haya matatu hayafanani, ila mara nyingi chanzo kipo sehemu moja ya draiva: pale kifaa kinapoikatiza prosesa na kuiambia kuna kazi, yaani intarapti.

Mwongozo huu ni wa wanaoandika au kurekebisha draiva za Linux kwa lugha ya C. Unatakiwa uwe unajua kukompaili moduli, uwe na haki za root, na uwe na karatasi ya maelezo ya chipu yenye orodha ya rejista. Bila karatasi hiyo utakuwa unabahatisha.

Kuna safari moja ya kuikumbuka muda wote. Kifaa kinapata sababu ya kukatiza na kuinua biti kwenye rejista yake ya hali. Ishara inapita kwenye waya, au kama ujumbe ikiwa ni MSI (intarapti inayotumwa kwa kuandika kwenye kumbukumbu). Inafika kwa kidhibiti cha intarapti, kinachoipeleka kwa prosesa. Keneli inaita hendla yako, yaani kazi ya draiva inayojibu intarapti. Hendla inafuta sababu, inachukua data au kuamsha uzi wa kuichukua. Kila kituo huacha alama. Kazi yako ya kwanza ni kujua intarapti ilifika kituo gani cha mwisho, na hilo unaweza kulijua bila kubadilisha hata mstari mmoja wa msimbo.

Hatua ya 1: Soma hesabu

```
grep pimo0 /proc/interrupts
 45:          0          0     GICv2  61 Level     pimo0
```

Hapa pimo0 ni jina ulilompa `request_irq`, kazi ya keneli inayosajili hendla. Namba 45 ni ya Linux, safu mbili zinazofuata ni hesabu kwa kila prosesa, 61 ni namba ya upande wa kidhibiti, na `Level` ni aina ya ishara. Usichanganye 45 na 61. Kwenye faili la .dts la bodi, linaloielezea keneli vifaa vilivyopo, huenda intarapti hiyo hiyo ikaandikwa hivi:

```
interrupts = <0 29 4>;
```

Sifuri ya mwanzo inasema ni laini ya SPI (intarapti ya kifaa inayoweza kwenda kwa prosesa yoyote, si basi la SPI) ya GIC, kidhibiti cha intarapti cha ARM, na kwa kuwa SPI huanzia namba 32, 29 inakuwa 61. Ile 4 ni ishara ya kiwango cha juu. Ingekuwa 1 ingekuwa ukingo wa kupanda. Hesabu hii ndogo imewapotezea watu muda mwingi, kwa sababu karatasi ya chipu mara nyingine hutaja 61 na mara nyingine 29, na aliyeandika .dts kachukua yoyote aliyoiona kwanza.

Sasa kipe kifaa kazi unayoijua kiasi chake, tuseme vipimo 100, kisha usome tena na kuangalia tofauti. Ukikosa mstari kabisa, nenda hatua ya 2. Mstari upo lakini sifuri haibanduki, nenda ya 3. Namba inaruka kwa maelfu kila sekunde wakati kifaa hakina kazi, nenda ya 4. Imepanda vizuri halafu ikaganda, nenda ya 5. Na ikipanda 100 kama ulivyotarajia huku data haionekani, basi intarapti yako ni nzima: tafuta tatizo kwenye uzi unaoamshwa au kwenye bafa.

Tahadhari moja: kama laini inashirikiwa na vifaa kadhaa, majina yote yataonekana kwenye mstari mmoja na hesabu ni ya wote. Kupanda kwake hakuthibitishi kwamba kifaa chako kimesema neno.

Hatua ya 2: Hakuna mstari

`request_irq` haikuitwa, au iliitwa ikakataa na draiva ikapuuza jibu. Chapisha namba ya kosa. `-EBUSY` ikiambatana na ujumbe wa `Flags mismatch irq` kwenye dmesg maana yake laini tayari ina mwenyewe na hamkubaliani kuhusu kushirikiana au aina ya ishara. `-EINVAL` mara nyingi ni `IRQF_SHARED` iliyopewa `dev_id` ya NULL, au `request_threaded_irq` isiyo na hendla ya kwanza wala `IRQF_ONESHOT`.

Angalia pia kigezo kinachopokea jibu la `platform_get_irq`. Kikitangazwa `unsigned int`, sharti la `irq < 0` haliwezi kutimia kamwe na kosa linapita kimyakimya. Ukipata `-EPROBE_DEFER`, irudishe kama ilivyo. Keneli inakuambia kidhibiti bado hakijawa tayari na itakuita tena baadaye.

Hatua ya 3: Sifuri haibanduki

Kiulize kifaa kwanza. Soma rejista ya hali kwa mkono, kupitia faili la debugfs (mfumo wa mafaili wa kusakia hitilafu za keneli) ulilolitengeneza au kwa `devmem` kama keneli yako inaruhusu. Kabla ya kusoma, hakikisha kwenye karatasi kwamba kusoma kwenyewe hakufuti biti, maana zipo chipu za namna hiyo, na hapo utakuwa umefuta ushahidi kwa mkono wako.

Kama biti ya sababu haijainuka, kifaa hakina cha kusema. Saa yake haijawashwa, au hukukianzisha kazi. Kama imeinuka lakini hesabu ni sifuri, kuna kizuizi njiani. Cha kwanza kuangalia ni rejista ya kuruhusu intarapti ndani ya kifaa chenyewe. Chipu nyingi zina ngazi mbili, biti moja kwa kila sababu na biti kuu moja kwa zote, na ile kuu husahaulika. Baada ya hapo angalia waya. Pini ya aina ya kuvuta chini pekee inahitaji rezista ya kuivuta juu. Bila hiyo osiloskopu itakuonyesha laini iliyolala tu.

Ukisoma ukapata `0xffffffff` kwenye kifaa cha PCI, usianze kutafsiri biti. Karibu kila mara hilo ni jibu la kifaa kisichojibu: kimelala, kimezimwa, au kimeng'oka.

Kwa PCI, `lspci -vv` ikiendeshwa kama root inakupa mengi. Kwenye mstari wa `Control` tafuta `BusMaster+` na `DisINTx` (ikiwa na `+`, intarapti za waya zimezimwa). Kwenye `Status` tafuta `INTx+`, inayosema kifaa kina intarapti inayosubiri. Na kwenye orodha ya uwezo tafuta `MSI: Enable+` au `MSI-X: Enable+`. Intarapti ya MSI ni kuandika tu kwenye kumbukumbu, kama DMA (kifaa kuifikia kumbukumbu bila kupitia prosesa) nyingine yoyote. Kwa hiyo draiva ikisahau `pci_set_master`, kila kitu kinaweza kuonekana kimewashwa na bado hakuna kitakachofika. Ukitaka kujua kama tatizo liko kwenye MSI, washa mashine mara moja na kigezo cha `pci=nomsi` uone kama intarapti za waya zinafika. Hicho ni kipimo tu, usikiache hapo.

Hatua ya 4: Mafuriko

Ili kuelewa hatua hii na inayofuata, kumbuka tofauti kati ya aina mbili za ishara. Intarapti ya kiwango ni mgeni anayepiga hodi bila kukoma mpaka umfungulie. Ya ukingo hupiga hodi mara moja akanyamaza. Kwa hiyo kosa lile lile la kutofuta sababu vizuri linaleta mafuriko kwenye ya kwanza na ukimya kwenye ya pili.

Mafuriko yakitokea na hendla ikawa inasema "si yangu", keneli huvumilia kwa kipimo. Ikihesabu intarapti 100,000 na zaidi ya 99,900 kati yake hazikupata mwenyewe, huandika:

```
irq 45: nobody cared (try booting with the "irqpoll" option)
...
handlers:
...
Disabling IRQ #45
```

Watu husoma mstari wa kwanza tu, wakaongeza `irqpoll` wakaenda zao. Hiyo ni bandeji. Mistari yenye faida ni ile iliyo chini ya `handlers:`, inayotaja hendla zote zilizokuwa kwenye laini hiyo. Kwenye laini ya kushirikiwa, anayezimiwa mara nyingi si aliyekosea: kifaa cha jirani kinapiga kelele, draiva yake haipo au haikitambui, na wewe uliyejibu `IRQ_NONE` kwa uaminifu unafungiwa naye. Faili la `/proc/irq/45/spurious` litakuonyesha hesabu ya zisizo na mwenyewe hata kabla keneli haijafikia kuzima.

Hii hapa hendla ya kawaida:

```c
static irqreturn_t pimo_hendla(int irq, void *data)
{
        struct pimo *p = data;
        u32 hali = readl(p->base + PIMO_HALI);

        if (hali == 0xffffffff || !(hali & p->ruhusa))
                return IRQ_NONE;

        hali &= p->ruhusa;
        writel(hali, p->base + PIMO_HALI);

        if (hali & PIMO_DATA)
                pimo_pokea(p);
        if (hali & PIMO_KOSA)
                p->makosa++;

        return IRQ_HANDLED;
}
```

Isome taratibu, maana makosa mengi hukaa ndani ya mistari hii michache. `ruhusa` ni nakala ya biti tulizoziwasha wenyewe. Chipu nyingi huinua biti za hali hata kwa sababu ulizozizima, na asiyechuja hushughulikia kazi asiyoiomba. Rejista hii ni ya aina ya kuandika 1 ili kufuta. Kwa rejista ya namna hiyo usiandike `readl(...) | PIMO_DATA`, kama ulivyozoea kwenye rejista za kawaida. Utarudisha 1 kwenye kila biti iliyokuwa imeinuka na kuzifuta zote, zikiwemo ambazo hujazishughulikia.

Kufuta kunatangulia kupokea data, na si kwa bahati. Ukipokea kwanza ukafuta baadaye, kipimo kipya kikiingia katikati, biti yake inafutwa pamoja na ya zamani na hakuna atakayejua kilikuja. Ukifuta kwanza, baya linaloweza kutokea ni kuitwa mara moja zaidi na kukuta bafa tupu. Isipokuwa pale ambapo biti inafuata kujaa kwa bafa yenyewe: hapo haifutiki mpaka uichote data, hata uandike mara ngapi. Karatasi ya chipu ndiyo itakayokuambia yako ni ya aina gani.

Halafu kuna jambo la maandishi yanayochelewa. Kwenye PCI, `writel` inarudi kabla thamani haijafika kwenye kifaa. Hendla inatoka, laini bado imeinuliwa, keneli inaiita tena, safari hii hali inasomeka sifuri na unarudisha `IRQ_NONE`. Dalili yake ni ya kipekee: kwa kila intarapti ya kweli kuna moja ya uongo inayoifuata papo hapo. Tiba ni kusoma rejista yoyote ya kifaa hicho baada ya kuandika, kwa sababu usomaji haurudi mpaka maandishi yaliyotangulia yamefika. Usiutapakaze kila mahali; kila usomaji wa PCI unaigharimu prosesa muda wa kusimama.

Kuna dawa moja inayovutia na ni sumu: kurudisha `IRQ_HANDLED` siku zote ili ujumbe usitokee tena. Kweli hautatokea. Lakini keneli nayo haitakuwa na sababu ya kuizima laini, na mafuriko yanayofuata yatainyonga prosesa bila hata mstari mmoja kwenye logi.

Hatua ya 5: Ilikuwa inaenda, ikaganda

Kifaa kikiganda, usiondoe moduli. Soma rejista ya hali kwanza. Biti imeinuka, imeruhusiwa, na hesabu ya `/proc/interrupts` haisogei: ukingo umepotea, au kuna aliyeizima laini na hakuiwasha.

Ukingo hupotea hivi. Hendla inasoma hali na kukuta sababu A. Kabla haijafuta, sababu B inainuka. Hendla inafuta A peke yake. Laini haikushuka hata kidogo kwa kuwa B ilikuwa imeishikilia, na bila kushuka hakuna ukingo mpya wa kupanda. Kifaa kinadhani kimeshasema, prosesa haijasikia chochote. Tatizo hili linaweza kukaa wiki nzima bila kuonekana na kujitokeza siku mzigo unapoongezeka.

Suluhisho la kawaida ni kuzunguka: soma, futa, shughulikia, soma tena, mpaka hali iwe sifuri. Wekea mzunguko kikomo, kwa sababu kifaa kilichong'oka husoma `0xffffffff` milele na utazunguka humo milele. Njia nyingine ni kuzima rejista kuu ya ruhusa unapoingia na kuiwasha unapotoka. Kwenye chipu nyingi, kuiwasha huku kuna sababu inayosubiri huzalisha ukingo mpya. MSI pia ihesabu kama ukingo, kwa kuwa ujumbe hutumwa mara moja.

Kama ukingo haukupotea na bado kumeganda, hesabu `disable_irq` na `enable_irq` zako. Zinapandana: ukizima mara mbili lazima uwashe mara mbili. Tafuta njia ya kosa inayorudi mapema bila kuwasha. Na `disable_irq` isiitwe ndani ya hendla ya laini hiyo hiyo, kwani inasubiri hendla imalize, nayo hendla ndiyo inayosubiri. Humo tumia `disable_irq_nosync`.

Hatua ya 6: Mkwamo na usingizi

`BUG: scheduling while atomic` na `BUG: sleeping function called from invalid context` zinajieleza. Ndani ya hendla umeita kitu kinachoweza kulala: `mutex_lock`, `kmalloc` yenye `GFP_KERNEL`, `msleep`, au kusoma kifaa cha I2C. Hamishia kazi hiyo kwenye uzi kwa `request_threaded_irq` yenye `IRQF_ONESHOT`, ili laini ibaki imezibwa mpaka uzi umalize.

Mkwamo ni mgumu zaidi kuuona. Msimbo wa kawaida umeshika kufuli kwa `spin_lock`, intarapti inatua kwenye prosesa hiyo hiyo, hendla inaomba kufuli lile lile, mwisho wa safari. Upande wa msimbo wa kawaida tumia `spin_lock_irqsave`. Usisubiri mkwamo utokee ndipo utafute: kompaili keneli ya majaribio yenye `CONFIG_PROVE_LOCKING` na `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP`. Ya kwanza hukuonya kwamba kufuli linatumika kwa namna mbili zisizopatana hata kama siku hiyo hukukwama. Ni nzito, mashine itapungua kasi, lakini kwa anayeandika draiva sioni sababu ya kufanya kazi bila hizo.

Hatua ya 7: Pima bila kuvuruga

`printk` ndani ya hendla ndiyo silaha ya kwanza ya kila mtu, na ndiyo inayoficha hitilafu za muda. Konsoli ya serial ya 115200 hupitisha kama herufi 11,520 kwa sekunde. Mstari wa herufi 80 unakula karibu milisekunde 7. Kwenye kifaa kinachokatiza mara elfu moja kwa sekunde, utakuwa unachunguza tatizo ulilolitengeneza mwenyewe. Tumia ftrace, kifuatiliaji kilichomo ndani ya keneli:

```
cd /sys/kernel/tracing
echo 'irq==45' > events/irq/irq_handler_entry/filter
echo 'irq==45' > events/irq/irq_handler_exit/filter
echo 1 > events/irq/irq_handler_entry/enable
echo 1 > events/irq/irq_handler_exit/enable
cat trace_pipe
```

Utaona kila kuingia na kutoka kukiwa na muda wake, na `ret=handled` au `ret=unhandled`. Ile jozi ya kweli na uongo ya maandishi yanayochelewa huonekana hapa waziwazi. Ukihitaji kuona thamani za rejista, weka `trace_printk` ndani ya hendla; huandika kwenye bafa ya kumbukumbu badala ya konsoli. Iondoe kabla ya kutuma msimbo kwa wengine.

Kama hendla yenyewe ni fupi lakini inachelewa kuanza, yupo mwingine aliyezifungia intarapti kwa muda mrefu. Andika `irqsoff` kwenye `current_tracer`, ikiwa keneli yako ina kifuatiliaji hicho, na baada ya muda soma `tracing_max_latency`. Namba ni mikrosekunde, na faili la `trace` litakutajia kazi iliyohusika.

Hatua ya 8: Mlango wa kuingia na wa kutoka

Tangu `request_irq` inaporudi, na hata kabla haijarudi, hendla inaweza kuitwa. Kufuli ziwe zimeandaliwa, bafa zitengwe na anwani ya rejista iwe imejazwa kabla ya hapo. Kifaa nacho kizibwe na hali yake ifutwe kwanza, maana programu ya kuwashia mashine au keneli iliyotangulia kupitia kexec (kuanzisha keneli mpya bila kuzima mashine) inaweza kuwa imekiacha kikipiga kelele.

Wakati wa kuondoka ni kinyume chake: ziba kifaa, ita `free_irq`, ndipo uachilie kumbukumbu. Mtego mkubwa uko kwenye `devm_request_irq`. Inapendwa kwa sababu inajiachilia yenyewe, lakini hujiachilia baada ya `remove` kurudi. Kama ndani ya `remove` umeita `kfree` kwa mkono kwenye bafa ambayo hendla inaigusa, kuna dirisha dogo ambapo intarapti inatua juu ya kumbukumbu isiyo yako tena. Ama kila kitu kiwe cha devm na kwa mpangilio sahihi, ama intarapti uiachilie mwenyewe kwanza.

Kwa laini za kushirikiwa, `CONFIG_DEBUG_SHIRQ` hukujaribu makusudi kwa kuiita hendla yako wakati wa kuiondoa. Changanya na `CONFIG_KASAN`, kikaguzi cha matumizi mabaya ya kumbukumbu, kipe kifaa mzigo kutoka teminali nyingine, kisha acha hii ikimbie usiku kucha:

```
while true; do
        modprobe pimo; sleep 1; modprobe -r pimo
done
```

Ripoti yoyote ya `use-after-free` itakayoonekana kwenye dmesg inataja kazi iliyogusa kumbukumbu na kazi iliyoiachilia. Ukiona ya kwanza ni hendla na ya pili ni `remove`, rudi kwenye aya mbili zilizopita.